Cheti cha homa ya ini hakinitoshi

"Daktari, homa ya ini nilishapima, sina." Hayo nayasikia kila mara kutoka kwa wagonjwa wa limfoma (saratani ya tezi za limfu) wanaotaka kuanza kemo, yaani dawa za kuua saratani, na wengine hununa ninapowarudisha maabara.

Kipimo cha haraka, kile cha kutoboa kidole, hutafuta HBsAg, yaani protini ya ganda la kirusi. Ukiugua homa ya ini B utotoni ukapona, protini hiyo hutoweka kwenye damu na kipimo husoma hasi. Kirusi chenyewe hakijaondoka. Vinasaba vyake vimejificha kwenye seli za ini, na ni kinga yako tu inayovizuia. Nasi tunakuja na rituximab, dawa inayofyeka seli za kinga ziitwazo seli B, pamoja na prednisolone, dawa ya steroidi inayoshusha kinga, juu yake. Mlinzi tumemfukuza wenyewe. Virusi huzaliana, kisha kinga ikianza kurejea huishambulia ini. Macho yanakuwa manjano, ini linafeli, na mtu anafariki wakati uvimbe wake ulikuwa unayeyuka vizuri. Tangu 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani imelikazia onyo hili kwenye rituximab, kwa hiyo si woga wangu binafsi.

Ndiyo maana nadai anti-HBc, kipimo cha damu kinachoonyesha kama uliwahi kuambukizwa homa ya ini B, kabla ya dripu ya kwanza. Ikiwa chanya, utameza entecavir au tenofovir, dawa za kuzuia kirusi hicho, kila siku, muda wote wa kemo na angalau miezi 12 baada ya rituximab ya mwisho. Hapo ndipo wengi hunikimbia: "Kemo imeisha, kidonge cha nini tena?" Ni cha kipindi hichohicho, kwa sababu ini huweza kulipuka miezi mingi baada ya dripu ya mwisho. Na anayetumia ARV zenye tenofovir asikubali zibadilishwe bila sisi kujua.

Mkanda wa jeshi si cheti cha UKIMWI. Kemo peke yake inatosha kuuamsha. Njoo ndani ya saa 72 uanze acyclovir, dawa ya kuzuia virusi; ile ya kupaka ya jirani iache.

Homa ya nyuzi 38 ukiwa kwenye kemo haimaanishi "dawa inapigana". Usiizime kwa Panadol ukasubiri kliniki ya Jumatatu. Njoo usiku huohuo.

Chanjo nazo si zote mwiko. Zenye virusi hai, kama surua na homa ya manjano, ndizo tunazokataza wakati wa kemo. Ya mafua ya sindano inaruhusiwa. Wanaoishi na mgonjwa wachanjwe. Na mtoto mwenye lukemia (saratani ya damu) aliyekaa darasa moja na mwenye surua au tetekuwanga aletwe siku hiyohiyo, vipele visisubiriwe.