Mgeni mwenye jina la mwenyeji: mwani mwekundu wa Mlingotini

Maji yakipwa siku za bamvua, kina mama wa Mlingotini, hapa Bagamoyo, huwa wameshaingia baharini kukagua kamba zao za kulimia mwani. Swali wanalotuuliza sana sisi wa utafiti ni hili: "Mtaalamu, mwani wa kijani kama huu nao mnauita mwekundu?"

Tunauita, maana mwekundu ni jina la ukoo. Mwani wa kundi la Rhodophyta una rangi nyekundu iitwayo fikoerithrini, ila rangi nyingine zikizidi, hiyo haionekani. Ndiyo maana spishi ileile utaikuta kijani kwenye kamba moja na kahawia kwenye kamba ya jirani.

Majina ya sokoni ndiyo yanayochanganya zaidi. "Spinosamu" ya wanunuzi ni Eucheuma denticulatum. "Kotonii", yenye bei nzuri zaidi, ni Kappaphycus alvarezii. Huu wa pili ulielezwa kisayansi na Maxwell Doty wa Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1985, akiuweka kwanza katika jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Eucheuma. Mwaka 1988 akauhamishia jenasi mpya, Kappaphycus, kwa sababu utomvu wake wa kugandishia, uitwao karagina, ni wa aina ya kapa, inayoganda ikawa ngumu, ilhali ile ya spinosamu, aina ya iota, huganda kwa ulaini. Cha kuchekesha ni kwamba ipo spishi nyingine kabisa iitwayo Kappaphycus cottonii, na siyo hii tunayolima. Wanunuzi wamelizoea jina lisilo lake, nasi tumelipokea.

Mwani wa porini uliokotwa na kuuzwa nje ya nchi tangu zamani. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akiufanyia utafiti tangu miaka ya 1970, lakini kilimo cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, kwa mbegu, yaani vipande vya mwani vya kupandia, kutoka Ufilipino. Baadaye kikavuka kuja bara: Tanga, Bagamoyo, hadi Lindi na Mtwara.

Fundo liko hapa. Eucheuma denticulatum ni mwenyeji wa pwani yetu pia. Kilicholetwa ni ndugu yake wa Asia, mwenye jina lilelile na sura ileile. Kwa macho huwatofautishi, mpaka vinasaba vipimwe. Na vilipopimwa Unguja, baadhi ya mwani uliojiotea miambani ulikutwa ni wa uzao wa Asia. Ulifikaje huko? Hauhitaji mbegu ya kweli. Upepo wa kusi ukivunja tawi, tawi huelea, likinasa kwenye tumbawe linaota. Mkulima naye hufanya hivyohivyo: anakata kipande, anakifunga kwenye kamba kwa taitai, yaani uzi wa kufungia, anasubiri. Shamba zima kwa hiyo ni nakala za mimea michache, na bahari ikipata joto kupita kiasi zote huumwa pamoja. Kotonii ndiyo huathirika zaidi: matawi hugeuka meupe, yanakatika, na wengi wameshaiacha. Mlingotini wamejaribu kuikimbizia kwenye kina kirefu kwa kamba za kuelea.

Kuenea huku si jambo dogo. Ghuba ya Kaneohe, Hawaii, Kappaphycus iliyopelekwa huko miaka ya 1970 iliishia kufunika matumbawe na kuyanyima mwanga. Ghuba ya Mannar, India, nako umepanda juu ya matumbawe ya kisiwa cha Krusadai. Sisemi Bagamoyo itakuwa Hawaii. Maji, samaki walao mwani na mawimbi havifanani. Lakini tawi linalonasa kwenye mwamba huku halina tofauti na lile la kule.

Kwa hiyo mabaki ya kukatia mbegu yasitupwe majini karibu na miamba. Yapandishwe ufukweni yakauke. Mbegu itafutwe kwanza kwenye ghuba yenu kabla ya kuiagiza kwa mashua kutoka ng'ambo. Na ukikuta kichaka cha spinosamu juu ya tumbawe mbali na shamba, usikinyofoe vipande vikaelea: kiondoe taratibu, kitie kwenye gunia, ukaanike pamoja na mavuno.