Stima, umeme na kampuni moja iliyovuka mipaka: yasemwayo na yaliyokuwa

Mkenya hulalamika kuwa stima zimepotea, Mtanzania kwamba umeme umekatika. Mmoja hununua tokeni, mwingine LUKU, na kila mmoja huamini kuwa shirika lake la umeme lilizaliwa siku moja na bendera yake. Si kweli. Kuanzia 1932 hadi 1964, East African Power and Lighting, kampuni ya watu binafsi iliyokita Kenya, ilikuwa na mkono katika umeme wa Tanganyika pia, na kwa kipindi fulani hata wa Uganda. Kenya Power ya leo ndiyo hiyohiyo, ila imevuliwa jina la zamani.

“Stima ililetwa na serikali ya kikoloni, ikaanzia Nairobi”

Hapa ndipo penye utamu. Historia ambayo kampuni yenyewe hujisimulia haianzii Nairobi wala haimtaji gavana yeyote. Huanzia Unguja mwaka 1875, Sultani Seyyid Barghash aliponunua jenereta ya kuangazia kasri lake na mitaa ya karibu. Mwaka huo huenda ukamshangaza anayejua kwamba balbu ya Edison ilionyeshwa 1879, na kwamba kasri la Beit al-Ajaib lilijengwa 1883. Kabla ya balbu, hata hivyo, zilikuwapo taa za tao, zilizowaka kwa cheche kali kati ya vijiti viwili vya kaboni, kwa hiyo mwanga wa umeme wenyewe haukuwa jambo lisilowezekana. Anayetaka kuushikilia mwaka 1875 basi na asiwaze balbu ya kioo.

Kisha mtambo ule ukavuka bahari. Mwaka 1908 ulinunuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na hapo ikaundwa Mombasa Electric Power and Lighting Company ya kukihudumia kisiwa. Kwa lugha ya Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, tungesema Mombasa ilianza na jenereta ya mtumba. Nairobi nako mhandisi Clement Hertzel alipewa haki ya peke yake ya kuuuzia mji umeme, na kutokana na haki hiyo ikatokea Nairobi Power and Lighting Syndicate. Mwaka 1922 kampuni ya pwani na ya bara ziliungana, jina likawa East African Power and Lighting. Serikali ilitoa leseni na vibali, lakini mtaji na hesabu ya faida vilikuwa vya wafanyabiashara.

Ndiyo maana waya zilifuata pesa. Zilikwenda katikati ya miji, kwenye viwanda na mashamba makubwa, zikapita juu ya vijiji bila kuteremka. Wazee wanaosema “zamani stima haikuwa ikipotea” wana haki kidogo: kwa jirani zao wengi haikuwapo ya kupotea.

“Stima ni neno la Sheng”

Lilikuwapo kabla ya Sheng. Stima ni meli ya mvuke, na kamusi za Kiswahili bado zina maana hiyo. Kenya neno likahama kutoka bandarini hadi kwenye swichi ya ukutani, na makao makuu ya Kenya Power kule Parklands yakaitwa Stima Plaza.

“TANESCO iliundwa baada ya uhuru”

Hii nimeisikia hata kwa watu waliosoma. TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, iliandikishwa Novemba 1931, ikiwa Tanganyika Electric Supply Company. Kabla yake Wajerumani walikuwa wamewasha umeme Dar es Salaam mwaka 1908, kwa karakana za reli na mitaa waliyoishi wenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakaurithi na kuuendesha kama idara ya serikali. Mwaka 1931 wakaamua kuiachia sekta binafsi. Dar es Salaam na wilaya zake zikawa chini ya kampuni nyingine, DARESCO, na TANESCO ikaelekeza nguvu Tanga, kwenye maporomoko ya mto Pangani na mashamba ya mkonge.

Mwaka uliofuata, 1932, East African Power and Lighting ikanunua hisa za kutosha kuishika TANESCO. Kwa hiyo mkonge wa Tanga ulipochakatwa kwa umeme wa Pangani, sauti kubwa katika kampuni iliyouuza umeme huo ilikuwa ya wenye hisa wa Kenya. Hali hiyo ilidumu hadi baada ya uhuru. Mwaka 1964 serikali ikanunua hisa, TANESCO na DARESCO zikaunganishwa, na 1968 neno “Tanganyika” katika jina likawa “Tanzania”. Umiliki wote ulikuja kuwa wa serikali 1975, mwaka uleule mtambo wa umeme wa maji wa Kidatu ulipoanza kuzalisha. Kwa hiyo sehemu ya dhana hii ni kweli: Ujamaa haukuizaa TANESCO, ila uliitaifisha na kuilea.

“Kuuziana umeme kati ya nchi jirani ni jambo la juzi”

Watu husema hivyo wakitazama nguzo mpya: njia ya Ethiopia inayoingia Kenya hadi Suswa, iliyoanza biashara 2022, au ile ya Isinya hadi Singida, iliyounganisha gridi za Kenya na Tanzania mwishoni mwa 2024. Nguzo ni mpya, biashara ni kongwe.

East African Power and Lighting ilipata leseni za Uganda 1936, ikaondoka 1948 ilipoundwa Uganda Electricity Board. Baada ya kuondoka, ikarudi kama mteja. Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilifunguliwa 1954, na Februari mwaka huohuo Kenya Power Company (si Kenya Power ya leo) ikaundwa kwa kazi moja mahususi: kujenga njia ya kuleta umeme huo kutoka Tororo hadi Nairobi. Ilisimamiwa na kampuni ileile kongwe. Kufikia 1958 umeme wa Nile ulikuwa ukiwaka Nairobi, kwa mkataba wa miaka 50. Hebu fikiria: mkataba ulitiwa saini chini ya ukoloni, ukapitia uhuru wa nchi zote mbili, Idi Amin, na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977.

Jina nalo lina kichekesho chake. Kampuni ilitoka Uganda 1948, ikatoka Tanzania 1964, lakini ikaendelea kujiita ya Afrika Mashariki hadi 1983, ilipokubali kuitwa Kenya Power and Lighting Company. Uganda nako, kampuni iliyokabidhiwa usambazaji kwa miaka 20 kuanzia 2005 ilichagua jina la Kiswahili, Umeme, na hisa zake zikauzwa Kampala na Nairobi pia. Mkataba wake uliisha Machi 2025.

“Kenya Power ndiyo huzalisha stima, tena ni mali ya serikali”

Nusu ya kila upande. Serikali ina asilimia 50.1 ya hisa, nyingine ziko mikononi mwa watu na taasisi, na kampuni iko katika soko la hisa la Nairobi tangu 1954. Uzalishaji ulitengwa 1997: ile Kenya Power Company ya njia ya Tororo ikajitegemea, na 1998 ikaitwa KenGen. Hiyo ndiyo inayoendesha mitambo ya mabwawa ya mto Tana na visima vingi vya mvuke vya Olkaria. Nguzo nyingi kubwa za msongo wa juu zilizojengwa baada ya 2008 ni za KETRACO, kampuni ya serikali ya kusafirisha umeme.

Kenya Power hununua umeme kwa KenGen, kwa wazalishaji binafsi na kwa majirani, kisha huuza kwa rejareja. Kwa hiyo tokeni ya shilingi mia tano haigeuki uniti zote: ndani yake kuna gharama ya mafuta ya mitambo ya dizeli, marekebisho ya sarafu za kigeni, asilimia 5 ya umeme wa vijijini na VAT ya asilimia 16. Lakini transfoma ya mtaani ikilipuka saa mbili usiku, hiyo ni yao, hakuna wa kusingiziwa.