Je, Wajua? Mjusi Chui Hupimwa kwa Mizani Kabla ya Kuozwa

Mjusi kafiri wa nyumbani hutaga mayai yake mawili nyuma ya kabati au ya picha ya ukutani, na hakuna anayemuuliza kama umri umefika. Binamu yake wa mbali, mjusi chui, hana uhuru huo. Kwao ni Afghanistan, Pakistan, kaskazini-magharibi mwa India na sehemu za Iran, kwenye nyanda kavu zenye mawe, ila siku hizi wengi wao huanguliwa Marekani na Ulaya, majumbani mwa watu wanaowafuga kwa mapenzi au kwa biashara. Ana madoa meusi kwenye ngozi ya manjano, ndiyo maana ya jina. Hapandi kuta, maana vidole vyake havinati. Tena ana kope za kufumba macho, jambo ambalo mjusi kafiri wetu hana; yeye huyalamba ya kwake kwa ulimi.

Swali la kila mfugaji mpya ni lile lile: nina dume, nina jike, niwaweke pamoja lini? Wengi watakujibu kwa miezi. Kwa dume, miezi inatosha. Jike anahitaji mizani, na ile ya jikoni inayosoma gramu moja moja inafaa kabisa.

Lakini kwanza hakikisha nani ni nani. Mweke mjusi kwenye chombo cha plastiki kisicho na rangi, umtazame kwa chini. Dume ana mstari wa vitundu vinavyotoa nta, umbo la herufi V, mbele kidogo ya tundu la haja, na vinundu viwili kwenye shina la mkia. Kwa jike mstari huo umefifia na vinundu havipo. Akiwa mdogo sana ni rahisi kukosea, na kosa hilo lina gharama: madume wawili katika sanduku moja huumana mpaka damu.

Dume hukomaa akiwa na miezi minane hadi kumi hivi, na hajifichi. Akinusa jike tu, ncha ya mkia hutetemeka kwa kasi hadi inapiga sakafu kama njuga. Kisha humwendea na kumng'ata shingoni. Asiyejua atakimbilia kuwaamulia, kumbe ndiyo posa yenyewe. Mkia unaopungwa polepole, huku mwili umeinuliwa, ni habari nyingine kabisa: jike akifanya hivyo anasema "kaa mbali", na atakayepuuza ataumwa.

Jike naye anaweza kushika mayai kabla hajatimiza mwaka. Hapo ndipo watu wanapoponzwa. Kuweza si kuwa tayari. Wafugaji makini husubiri atimize mwaka na azidi kidogo, na uzito wake ufike gramu 45 hadi 50 au zaidi, uzito wa kukua na si wa kunoneshwa kwa haraka.

Kwa nini kung'ang'ania gramu? Piga hesabu. Mjusi chui hutaga mayai mawili kwa mkupuo, na kitoto kinachotoka katika kila yai kina uzito wa gramu 3 hivi. Kwa jike wa gramu 50, mzigo huo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwili wake. Ni kama mama wa kilo 60 ajifungue pacha wenye jumla ya kilo saba, kisha baada ya wiki tatu au nne arudie, na arudie tena, msimu mzima. Wala hahitaji dume kila mara, kwa sababu huhifadhi mbegu mwilini. Ukimtoa dume leo, jike ataendelea kutaga mayai yenye uhai kwa muda.

Mahitaji ya mayai hayo hutoka kwake mwenyewe. Mafuta huchotwa mkiani, ndiyo ghala lake. Mkia wa jike aliye tayari huwa mnene kama shingo au zaidi. Kalsiamu ya maganda, isipotosha kwenye chakula, huchotwa mifupani. Jike aliyeozwa mapema huishia na taya laini, miguu iliyopinda, au mayai yaliyokwama tumboni. Kwa hiyo nyenje anaowala hupakwa unga wa kalsiamu na vitamini D3, na kisahani cha kalsiamu huachwa humo ndani ajilambie.

Wapo pia wasiopaswa kuozwa hata wakiwa na uzito. Aina ya rangi iitwayo Lemon Frost ilipendwa sana ilipotokea, kisha watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakaonyesha mwaka 2021 kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wenye urithi huo hupata uvimbe wa saratani ya ngozi. Kwangu mimi, uzuri wa namna hiyo si wa kurithisha.

Mayai yakishatagwa huhamishiwa kwenye mashine ya kutotolesha bila kugeuzwa. Ya kuku hugeuzwa kila siku, lakini haya ukiyapindua unaweza kuua kilichomo. Joto la mashine ndilo huamua jinsia. Kwenye nyuzi 26 za Selsiasi karibu wote huwa majike, kwenye 32 na nusu wengi huwa madume, na ukipanda hadi 34 au 35 majike hurudi tena. Kasa wa pwani yetu nao huamuliwa hivyo na mchanga, ila kwao joto kali huleta majike tu.

Majike wa mjusi chui waliotoka kwenye joto la juu wana tabia yao. Mwaka 1988, William Gutzke na David Crews wa Chuo Kikuu cha Texas walieleza katika jarida la Nature kwamba majike hao huwakabili madume kwa ukali, kama dume anavyomkabili dume mwenzake, na hawakutaga. Kwa hiyo unaweza kuwa na jike wa gramu 60, miaka miwili, mkia mnene, na bado akamfukuza kila mchumba unayemletea. Huyo aliamuliwa ndani ya yai. Mwache akae peke yake.