Kanisa la Pecos Lina Wenyewe, Vigae Viacheni Pale Pale

Likizo zikianza huwa tunaletewa malalamiko yale yale, na safari hii yamezidi. Watu wanafika Pecos, kijiji cha kale cha wenyeji ambacho sasa ni hifadhi ya kihistoria kule New Mexico, Marekani, wanapiga picha kwenye magofu ya kanisa la misheni, wanaokota vigae vya vyungu wanatia mfukoni, halafu wanaposti mtandaoni eti wamepata kumbukumbu ya kabila lililotoweka. Tunajua wengi hawana nia mbaya, ila hapo kuna makosa mawili kwa mpigo, na la pili lina kifungo.

Tuanze na hilo la kutoweka maana linachosha. Watu wa Pecos hawajatoweka. Mwaka 1838 wale wa mwisho, hawazidi ishirini, walihama wakaenda Jemez, kijiji kingine cha Wapueblo (wenyeji wa asili wa eneo hilo), kama kilomita 130 hivi, kwa ndugu zao wanaosema lugha moja nao. Ndui na maradhi mengine yaliyoletwa na wageni yalikuwa yamewamaliza, mashambulizi ya kabila la Wakomanche nayo, na wengine walishaondoka kidogo kidogo. Mwaka 1936 Bunge la Marekani likaziunganisha jamii hizo mbili kisheria, uongozi wa Jemez hadi leo una cheo cha gavana wa Pecos, na sikukuu ya Bikira Maria wa Malaika, msimamizi wa lile kanisa la Pecos, inasherehekewa Jemez kila Agosti. Sasa hao wametoweka wapi?

Jingine tunalosikia kila siku ni kwamba kanisa lilijengwa na mapadri. Padri Mfransisko Andrés Juárez alifika miaka ya mwanzo ya 1620 na ndiye aliyesimamia, ndiyo, na mwaka 1625 kanisa likakamilika, lakini matofali yanakadiriwa kufika 300,000, ya udongo usiochomwa, kila moja kama kilo 18, na walioyafyatua na kuyapanga ni watu wa Pecos wenyewe. Tena kwa desturi za Wapueblo ukuta ulikuwa kazi ya wanawake. Padri Alonso de Benavides aliandika mwaka 1630 kwamba mwanamume akilazimishwa kujenga ukuta anakimbia, na wanawake wanacheka. Benavides huyo huyo alilisifia sana kanisa la Pecos, na kwa muda mrefu wasomi wakadhani anatia chumvi kwa sababu gofu lililosimama ni dogo, mpaka mwaka 1967 mwanaakiolojia Jean Pinkley alipochimba akakuta msingi wa kanisa kubwa zaidi umelala chini ya lile dogo.

Ukifika pale yaangalie matofali kwa karibu. Ya kanisa la kwanza yana rangi ya kijivu inayoelekea weusi, na ndani yake unaona mkaa, vipande vya mifupa, na vigae, kwa sababu udongo ulichotwa kwenye majalala ya kijiji. Ya kanisa la pili, lile dogo lililomalizika 1717, ni mekundu. Kwa hiyo kile kigae unachokiona wewe kuwa takataka, kwetu sisi ni ushahidi. Alfred Kidder alichimba pale kati ya 1915 na 1929, akasoma tabaka za majalala hayo, vigae vya chini ni vya zamani kuliko vya juu, na kwa njia hiyo akapanga mfuatano wa historia ya eneo zima. Kigae kikishatoka mahali pake hakisemi tena kitu.

Kilichotokea katikati, kati ya kanisa kubwa na dogo, ndicho watu wanakiruka. Chini ya mfumo wa enkomienda kila kaya ilitoa kwa mwaka shuka la pamba na kipimo cha mahindi kwa Mhispania aliyepewa kijiji. Mwaka 1661 mapadri wakapiga marufuku ngoma za kachina, yaani za roho za dini ya Wapueblo, vinyago vikachomwa. Ukaja ukame na njaa. Mwaka 1675 wazee wa dini ya Wapueblo 47 wakakamatwa, wengine wakanyongwa, na mmoja wa walioachiwa alikuwa Po'pay, aliyekuja kuongoza uasi. Tarehe 10 Agosti 1680 Wapueblo wakaamka kwa pamoja, mapadri 21 na Wahispania wengine mia kadhaa wakauawa, waliobaki wakakimbilia El Paso. Pecos kwenyewe hakukuwa na kauli moja, wapo waliowaonya Wahispania mapema, lakini kanisa lilichomwa na kuta zake zikabomolewa. Wahispania walirudi 1692.

Haya, sheria. Sheria ya Marekani ya mwaka 1979 inalinda vitu vya kale vyenye umri wa miaka 100 na zaidi kwenye ardhi ya serikali na ya wenyeji. Kuchimba, kuondoa, kuharibu, kuuza au kununua bila kibali, kosa la kwanza ni faini hadi dola 10,000 au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Thamani ya kitu pamoja na gharama ya ukarabati ikipita dola 500, ni hadi dola 20,000 na miaka miwili. Ukirudia, hadi dola 100,000 na miaka mitano. Gari na vifaa ulivyotumia vinaweza kutaifishwa. Kanuni za hifadhi nazo zinakataza kuchukua hata kipande kimoja, kwa hiyo ile ya "nilikiokota tu juu juu" haikusaidii. Kibali hutolewa na wasimamizi wa ardhi husika kwa ajili ya utafiti, sio kwa mgeni wa siku moja.

Kidder aliondoa pia mabaki ya watu wapatao 2,000, yakakaa makumbusho mbali na kwao. Kwa sheria ya 1990 ya kuwarudishia wenyeji mabaki ya wazee wao, yalirudishwa mwaka 1999, watu wa Jemez wakatembea kwa miguu siku kadhaa hadi Pecos kuzika upya wazee wao. Sehemu waliyozikwa haitangazwi, tafadhali msiwasumbue askari wa hifadhi kwa kuuliza.

Ukikuta kigae, kipige picha kikiwa pale pale, mwambie askari wa hifadhi umekiona wapi. Kama tayari unacho nyumbani usirudi kukitupa pale kimya kimya maana utavuruga zaidi, piga simu ofisi ya hifadhi kwanza wakuelekeze. Huu ni mwongozo wa jumla, mwenye kesi tayari aongee na wakili.