Mandhari meusi ni ya usiku, si ya barazani

Vijana ninaowafundisha kuandika programu hapa Lamu, karibu wote huweka kihariri chao, yaani programu wanayoandikia, kwenye mandhari meusi (usuli mweusi, herufi nyeupe) kabla hata hawajaandika mstari mmoja. Ukiwauliza kwa nini, jibu ni betri na macho.

La betri ni fupi. Kompyuta nyingi za mkononi tunazotumia huku, hasa za mtumba, zina skrini ya LCD. Taa yake ya nyuma huwaka muda wote, ukurasa uwe mweupe au mweusi, kwa hiyo huokoi kitu. Ni skrini za OLED ambazo nukta zake hujizima penye weusi. Stima ikipotea, punguza mwangaza. Hapo utaona tofauti.

Macho yana maneno zaidi. Ukitazama usuli mweusi, mboni hupanuka ili ziingize mwanga, na mboni ikiwa pana picha hupoteza ukali. Mwenye astigmati, kasoro ya umbo la jicho, huona herufi nyeupe zikitawanya mwanga pembeni. Majaribio ya kusoma nayo yameelemea upande wa herufi nyeusi juu ya weupe. Hata hivyo mahali ulipokaa ndipo penye uamuzi. Ndani ya nyumba zetu za mawe, mwanga hutoka kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani ulio wazi juu, na chumba cha ndani kabisa huwa na kiza hata adhuhuri. Ukurasa mweupe humo hukumulika usoni, na meusi yana raha yake. Toka ukae barazani saa saba mchana, skrini hiyo hiyo inakuwa kioo: utajiona kofia na ndevu kabla hujauona msimbo. Nje, weka meupe na uongeze mwangaza, basi.

Weusi wenyewe usiwe wa makaa. Mandhari ya Dark+ ya kihariri cha VS Code hutumia kijivu kizito, chenye namba ya rangi #1E1E1E, na herufi zake si nyeupe pe bali #D4D4D4. Kwa macho yangu huo ndio mchanganyiko unaovumilika usiku kucha. Kubadilisha, bonyeza Ctrl+K kisha Ctrl+T. Kwenye Notepad++, kihariri kingine, zamani ulipata ukurasa mweusi huku menyu zikibaki nyeupe. Tangu toleo la 8, la mwaka 2021, dirisha zima linageuka ukipitia Settings, Preferences, Dark Mode.

Jambo moja huwasumbua wanaoandika ripoti. VS Code hunakili maandishi pamoja na rangi zake. Ukiyabandika kwenye Word, yanakuja na usuli mweusi, na ukichapisha hivyo unamaliza wino wa watu. Bandika maandishi matupu, au zima kabisa mpangilio wa editor.copyWithSyntaxHighlighting.

Na kwa kuwa huku jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima, mimi nageuza rangi nikirudi kutoka sala ya Magharibi.