Nyumba ya udongo haipotei yote

Wapita njia Malindi wakiona wanaakiolojia wamepiga magoti kwenye shamba la zamani lililolimwa na watumwa, husema wanasaka dhahabu. Kwao, watumwa walikaa vibanda vya udongo na makuti, wangeacha nini?

Waliacha mengi. Nguzo ikiozea ardhini, shimo lake hujaa udongo wa rangi nyingine, na duara hilo jeusi huweza kuonekana hata baada ya miaka mia. Unganisha maduara, kuta zinajitokeza. Kisha chekecheke: vigae, shanga, miba ya samaki, majivu ya jikoni.

Mashamba haya ya mtama na ufuta yalishamiri kuanzia miaka ya 1860. Utumwa ulifutwa kisheria pwani ya Kenya 1907. Daftari waliandika wenye mashamba. Chungu kilichoungua ukoko alikipikia mtumwa mwenyewe, na hicho, kwangu, kinashinda dhahabu.