Acheni kuniuliza klasi ipi ni kali kuliko zote

Wanaokuja kwangu kabla ya kuingia MMORPG yao ya kwanza (gemu ya mtandaoni ambamo watu wengi hucheza pamoja katika ulimwengu mmoja) huja na swali lile lile, hata salamu haijaisha: "Klasi ipi ina nguvu zaidi?" Klasi ni aina ya mpiganaji unayemchagua kucheza, na hawa hata akaunti hawajafungua. Hawajui kama watapenda kusimama mbele ya jitu au kurusha mishale kwa mbali. Ila orodha wanayo, klasi zimepangwa kuanzia dhahabu hadi takataka, na wanataka niwathibitishie ile ya juu.

Dhana: ukichagua klasi dhaifu umejiharibia mapema.

Orodha hizo si za uongo, ila hazikuandikwa kwa ajili ya anayeanza. Zinampima mhusika aliyefika levo ya mwisho, mwenye vifaa bora kabisa, kwenye mapambano magumu kuliko yote, mikononi mwa mtu asiyekosea karibu kitu. Wewe uko levo ya kwanza na kirungu. Wanyama utakaokutana nao njiani wametengenezwa ili klasi yoyote iwaue. Isitoshe, watengenezaji hurekebisha namba kila wanapotoa sasisho kubwa, kwa hiyo klasi inayosifiwa leo huenda ikawa imepunguzwa makali kabla hujamaliza kupanda levo.

Hebu tupige hesabu. Kwenye Final Fantasy XIV, mashambulizi mengi ya msingi hutoka moja kila sekunde 2.5, yaani nafasi 240 katika pambano la dakika 10. Ukiruka moja katika kila tano kwa sababu macho yanatafuta kitufe, umepoteza 48. Ukifa, unapiga sifuri mpaka ufufuliwe. Sasa niambie ni orodha gani itakufidia hapo. Nimewaona wenye klasi "kali" wakilala chini nusu ya pambano, huku yule mwenye klasi ya kudharauliwa akimalizia kazi.

Tena kwenye gemu hiyo hiyo mhusika mmoja anaweza kujifunza kazi zote za kupigana ("kazi" ndilo jina la klasi huko). Ukichoka na moja, unabadilisha silaha na kuanza nyingine. World of Warcraft itakudai utengeneze mhusika mpya, lakini hilo nalo ni la dakika chache, na zile levo za mwanzo utazipita haraka zaidi mara ya pili.

Ushauri wangu, na wanaonijua wameshauchoka: chagua unayependa kuitazama ikipigana, maana utaitazama kwa saa nyingi. Cheza mpaka levo ya 20 bila kufungua orodha yoyote. Na skili unazozitumia kila mara zipange kwenye vitufe vilivyo karibu na vidole. Kubofya kila skili kwa mausi ndiyo udhaifu halisi, na hauchagui klasi.

Dhana: anzia na mponyaji, ni kazi nyepesi. Nani alisema? Mponyaji hulipia makosa ya kundi zima, kisha hulaumiwa yeye. Ukiipenda, ichukue, lakini usiichukue kwa kudhani utapumzika.

Dhana: nimechelewa, wenzangu wako mbali mno. Guild Wars 2 ilitoka mwaka 2012 ikiwa na levo ya mwisho 80, na bado ni 80. Blizzard, watengenezaji wa World of Warcraft, nao mwaka 2020 walikata levo ya mwisho ya gemu hiyo kutoka 120 hadi 60, mlima ukafupishwa kwa makusudi. Wakongwe wanahitaji watu wapya wa kujaza makundi, ndiyo maana wengi watakusaidia ukiuliza kwa adabu.

Dhana: bila intaneti ya kasi kubwa usithubutu. Kasi utaihitaji siku ya kupakua, maana mafaili ni makubwa. Ukishaingia, gemu hutumia data kidogo kuliko video unazotazama. Kinachokuangusha ni pingi, yaani muda ambao amri yako inachukua kufika kwenye seva na kurudi. Chagua seva ya ukanda ulio karibu nawe na, ukiweza, tumia waya badala ya Wi-Fi. Zipo pia gemu zenye subira: Old School RuneScape hushughulikia amri zako kila sekunde 0.6, na inachezeka hata kwenye simu.

Dhana: nunua kila kitu mwanzoni ili usisumbuke. Hapa ndipo pesa zinapopotea bure. Dhahabu ya wauzaji wa pembeni inakatazwa na kanuni za gemu kubwa, na akaunti hufungwa kwa ajili yake. Gemu yenyewe pia usikimbilie kuilipia. Final Fantasy XIV ina jaribio la bure hadi levo ya 70, lisilo na kikomo cha siku, ingawa huwezi kuanzisha wala kujiunga na chama cha wachezaji. Limalize kwanza, kwa sababu akaunti ikishalipiwa hairudi tena kwenye jaribio.